Puli Haina Hatia

Puli ya krenki ikivunjika mara ya kwanza, swali la haki ni: kimeharibika nini? Ikivunjika mara ya pili, swali hilo limepitwa na wakati, na la kuuliza sasa ni: nani anaivunja? Katika gereji zetu, kuanzia Gerezani hapa Dar es Salaam, Kirinyaga Road kule Nairobi, hadi Kisekka mjini Kampala, swali la kwanza huulizwa mara ya kwanza, likaulizwa mara ya pili, likaulizwa mara ya tatu, na kabla ya mara ya nne mwenye gari ameshaliuza kwa shemeji yake, ambaye analipokea kwa moyo mkunjufu na kuanza upya na swali lilelile. Puli inanunuliwa, inafungwa, inakufa, inatupwa kwenye rundo la vyuma chakavu nyuma ya gereji, na nyingine inakuja kurithi ajira. Hoja yangu ni kwamba kifaa kinachokufa mara kwa mara mahali palepale hakina hatia. Kimepangiwa kufa, na waliokipangia wamo humohumo kwenye duara la watu wanaokizunguka wakitikisa vichwa kwa masikitiko.

Kwanza tumtambulishe marehemu. Puli hiyo ni lile gurudumu la chuma lililo chini mbele kabisa ya injini, linalozungusha mikanda ya altaneta, pampu ya maji na kiyoyozi. Wengi hudhani ni gurudumu basi. Ukiichunguza puli ya magari mengi utaona ni vyuma viwili: kitovu cha ndani kilichofungwa kwenye pua ya krenki, na pete nzito ya nje, na katikati yao utepe mwembamba wa mpira mweusi. Pete ile haikushikwa na bolti wala nati. Imeshikwa na mpira peke yake. Sababu ni kwamba krenki, pamoja na ubabe wake wote, inajinyonga. Kila silinda inapolipuka, pistoni inausukuma mkono wa krenki, chuma kinajisokota kidogo sana, kisha kinarudi. Injini ya silinda nne hulipua mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni milipuko 100 kila sekunde. Upande wa nyuma krenki imeshikwa na uzito wa flaiwili, basi mtikisiko wote unakwenda kujionyesha mbele. Ile pete nzito imewekwa pale ili ibaki nyuma kidogo krenki inapokurupuka, na mpira unaumeza ugomvi wao na kuugeuza joto. Wazungu walilijua hili mapema, na kwa gharama: gari la Rolls-Royce la silinda sita la mwaka 1905, la nguvu farasi 30, lilikuwa likivunja krenki, na Henry Royce ikambidi abuni krenki ngumu zaidi pamoja na kidude cha kutuliza mtikisiko mbele yake. Frederick Lanchester naye alisajili cha kwake, na wapenzi wa historia wanabishana mpaka leo nani alitangulia. Kwa hiyo msomaji ambaye krenki yake imekatika asijione ana mkosi. Yumo kwenye ukoo wa heshima.

Mpira ule unazeeka kwa kalenda; hausomi kilomita. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8 kuingia nchini, na Uganda tangu mwaka 2018 imeyafungia mlango yaliyozidi 15. Sheria hizo zinahesabu umri wa gari siku ya kupokelewa tu. Baada ya hapo linaishi miaka mingine kumi na ushee kwa dua, na mpira ni uleule uliopanda nao meli kutoka Japani. Unakauka, unafanya nyufa nyembamba, au unavimba kwa oili inayotoka kwenye sili ya mbele. Inafika siku pete ya nje inateleza. Haianguki, inateleza tu, nyuzi 10 au 15, kisha inaendelea na kazi bila kumwambia mtu. Hapo ndipo vituko vinapoanza, maana kwenye magari mengi ya zamani alama ya taimingi imechorwa kwenye pete hiyohiyo. Fundi, mtu makini, anachukua tochi ya taimingi, anamulika, anaona alama haipo mahali pake. Kumbe iliyohama ni alama. Injini haikukosea kitu. Yeye anaizungusha distribyuta mpaka injini ikubaliane na alama, na injini iliyokuwa sawa sasa inawasha cheche kwa kuchelewa. Inapata joto, basi thamostati inatolewa na kutupwa. Inakosa nguvu mlimani, basi pampu ya petroli inabadilishwa. Inakunywa mafuta, basi plagi zote nne mpya. Mwisho wa yote lawama zinamwangukia mwenye kituo cha mafuta, ambaye inasemekana anachanganya na mafuta ya taa. Huenda kweli anachanganya, lakini kwenye kesi hii hakuwepo. Dawa haizidi dakika tano: toa plagi ya silinda ya kwanza, tumbukiza mrija mrefu wa plastiki juu ya pistoni, zungusha injini kwa mkono taratibu hadi mrija uache kupanda, halafu itazame alama. Pistoni ikiwa juu kabisa na alama ikiwa kwingine, mwongo amejulikana.

Hiyo ni puli iliyokufa kwa uzee, na puli nzuri mpya huimaliza kesi. Inayokufa kila msimu ina kisa kingine, na kisa hicho mara nyingi kinaanzia kwenye bolti moja. Pua ya krenki ina mchongo mwembamba, na ndani yake hukaa kabari ndogo ya chuma, ambayo kwenye injini nyingi ina umbo la nusu mwezi. Kila anayeiona anaamini kwamba kabari ndiyo inayoizungusha puli. Siyo. Kazi ya kabari ni kuonyesha mahali pa kukaa. Kinachozungusha ni msuguano, unaotokana na bolti kubwa inayokibana kitovu kwenye bega la krenki. Bolti ikilegea hata kidogo msuguano unapungua, na kabari, ambayo haikuajiriwa kwa kazi hiyo, inaanza kubeba mzigo: inagongwa mbele, inagongwa nyuma, usiku na mchana. Mchongo unatafunika, nafasi inapanuka, na kadiri inavyopanuka ndivyo kipigo kinavyoongezeka. Ukifunga puli mpya kwenye pua ya namna hiyo hujatengeneza kitu, umeongeza jina kwenye orodha ya marehemu.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka Hiroshima, kwa Mazda. Gari lao dogo la viti viwili, MX-5, lilipoanza kuuzwa mwaka 1989 likiwa na injini ya lita 1.6, lilikuja na krenki yenye pua fupi na bolti nyembamba. Baada ya muda puli kwenye baadhi ya magari hayo zikaanza kuyumba, kabari zikatafunika, michongo ikapanuka. Wenye magari wakanunua kabari mpya na puli mpya, na ugonjwa ukarudi. Mwaka 1991 kiwanda kikaibadilisha krenki yenyewe: pua ikawa ndefu, na bolti ikanenepa kutoka milimita 12 hadi 14. Angalia wahandisi waligusa wapi. Wangeweza kuagiza mpira mgumu zaidi au chuma kizito zaidi kwa ajili ya puli, wakamaliza. Wao walikwenda moja kwa moja kwenye mshiko. Na wanaozifahamu injini zile za pua fupi wanasema nyingi huanza kuugua baada ya mkanda wa taimingi kubadilishwa, yaani baada ya mtu kuifungua bolti ile na kuirudisha kwa makadirio.

Makadirio yetu yanajulikana. Kiwanda cha Toyota kinataka bolti ya puli kwenye injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Ist na Probox nyingi zinazotukatiza barabarani, ikazwe kwa nyutonimita 128. Kwenye gereji kipimo ni “kaza mpaka uhisi”. Uhisi nini, na ahisi nani, inategemea kama fundi ameshakula mchana. Kuifungua bolti hii ni sarakasi inayokusanya watazamaji: soketi inavishwa kwenye bolti, mpini mrefu unaegemezwa kwenye chesisi, kila mtu anarudi nyuma hatua tatu, jasiri mmoja anapiga stata kidogo tu, na injini inajifungulia bolti yake kwa kishindo. Wanaoogopa stata wanachomeka bomba la maji la mita nzima kwenye spana na kuning’inia wawili. Lakini stata inazunguka upande mmoja tu, kwa hiyo wakati wa kukaza haina msaada. Krenki inazunguka pamoja na bolti, mtu anaambiwa akanyage breki gia ikiwa imeingia, gari likiwa la otomatiki hata hilo halisaidii, basi bisibisi inachomekwa kwenye meno ya flaiwili na kijana aliyelala chali chini ya gari anakaza kwa kiwiko. Bolti iliyofunguliwa na watu wawili na bomba inafungwa na kiwiko kimoja, na hakuna anayeona ajabu. Mwenye bunduki ya upepo anajiona ameendelea. Yeye anasikiliza mlio. Mlio uleule unaweza kuwa nyutonimita 60 au 300, hutegemea upepo uliobaki kwenye tanki. Wala sijagusa ile washa nene iliyodondokea mtaroni, wala rangi iliyopigwa kwenye uso wa puli ili ionekane mpya, wala bolti yenyewe, ambayo imeshafunguliwa na kufungwa na kila fundi aliyewahi kulikaribia gari hilo na sasa imechoka kunyooshwa.

Puli iliyolegea ina kipaji kingine kinachowaponza watu: inagonga. Sauti yake, hasa injini ikiwa silensa, inafanana sana na ile ya beringi za konrodi zilizokwisha. Fundi anainama, anaweka bisibisi ndefu kwenye bloku na mpini wake sikioni kwa utulivu wa daktari bingwa, anafumba macho, kisha anatoa hukumu: injini imenoki. Hapo neno ovahoo linatamkwa, na mke wa mwenye gari anapigiwa simu kuhusu ile hela ya kikoba. Injini inashushwa, inapasuliwa, beringi zinabadilishwa, krenki inapelekwa kuchongwa, na katika kurudisha kila kitu bolti ya puli inakazwa vizuri kidogo kuliko zamani, sauti inaondoka, na ovahoo inapata sifa ambazo zilikuwa za bolti. Miezi michache baadaye bolti inalegea tena, sauti inarudi, na sasa watu wanasema ile ovahoo haikuwa nzuri. Majaribio mawili yangeokoa kikoba. La kwanza: zima silinda moja moja kwa kuchomoa waya wa plagi, kama ni beringi ya konrodi, mlio hubadilika ukiifikia silinda yake, na kama haubadiliki popote, msumbufu yumkini yuko nje ya mikono ya krenki. La pili: vua mikanda ya mbele, washa injini kwa muda mfupi sana, sikiliza tena, kisha zima na uitikise puli kwa mkono. Kwenye gari la otomatiki usiisahau ile sahani ya chuma inayounganisha krenki na giaboksi, maana ikipasuka nayo inaiga sauti ya beringi vizuri kiasi cha kuwapeleka watu wazima benki.

Najua pingamizi la kwanza, limeshafika midomoni: tatizo ni spea feki. Siwezi kulikataa, kwa sababu ni kweli puli feki zimejaa madukani, nyingine zimetengenezwa na mpira ambao ungefaa zaidi kwenye kandambili. Lakini kila maiti huacha alama, na alama za puli feki si alama za bolti iliyolegea. Puli ya mpira mbaya inaachana: pete inatoka, mpira umekatika au umechuruzika, lakini ukikitazama kitovu chake, mchongo wa kabari una kingo zake kali na kabari inaingia kwa kubanwa. Puli iliyouawa na bolti, mpira wake unaweza kuwa mzima kabisa, ila mchongo umepanuka upande mmoja, kuna vumbi jekundu la kutu laini kati ya kitovu na pua, na uso uliopaswa kubanwa unang’aa kwa kusuguliwa. Hata krenki iliyokatika inasoma wasia wake yenyewe. Chukua kipande, kifute kwa petroli, kitazame pale kilipokatikia. Sehemu moja ni laini, ina mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama maji yanavyoacha alama mchangani yakipwa. Sehemu iliyobaki ni ya chengachenga, mbichi. Ile laini ilikuwa ikipasuka taratibu kwa muda mrefu, ile ya chengachenga ndiyo iliyokatika siku ya tukio. Fuata mistari kwa kurudi nyuma hadi ilipoanzia: ikianzia kwenye kona ya mchongo wa kabari, unaijua kesi, ikianzia pale mkono unapoungana na sehemu ya beringi, muulize fundi aliyeichonga krenki kwa nini aliacha kona kali mahali ambapo kiwanda kiliacha mviringo. Tatizo ni kwamba maiti haikaguliwi. Mwenye gari anaambiwa “imekatika, bosi”, anaonyeshwa vipande viwili kwa mbali, anasema “kweli imekatika”, na kipimo kinaishia hapo.

Pingamizi la pili ni la kifalsafa zaidi: gari ni zee, unategemea nini? Hili husemwa kwa upole, kwa sauti ya kuliwazia wafiwa. Mpira unazeeka, nimekubali. Ila chuma hakisherehekei siku za kuzaliwa; kinahesabu vipigo. Saa moja ya safari kwa mizunguko 3,000 ni milipuko 360,000, na krenki iliyobanwa sawasawa inavumilia saa hizo kwa maelfu. Krenki hiyohiyo, ya mwaka uleule, ikikaa kwenye gari ambalo silinda moja inamisi na mwenye nalo anasema “huwa inajirekebisha ikipata moto”, inapigwa vipigo visivyo na mpangilio ambavyo mpira wa puli haukukadiriwa kuvituliza. Umri ni ule, hatima tofauti. Tena kuna mizunguko ya ugonjwa ambayo uzee unasingiziwa bure. Puli inayoyumba inailegeza sili ya mbele, oili inavuja, oili inaulainisha mpira, mpira ukilainika puli inayumba zaidi. Fundi anabadilisha sili, mara tatu, na mara zote tatu anaichagua bora zaidi, ilhali kitovu cha puli kinachozunguka ndani ya sili hiyo kimeshachimbika mfereji ambamo hata kucha inakwama. Na kuna zile altaneta zilizoazimwa kutoka gari jingine, zikafungwa kwa mkono wa chuma uliochomelewa kwa jicho, mkanda ukawa unakimbia upande, ukakazwa mpaka unalia ili usitoke. Mkanda huo unaivuta pua ya krenki kando mchana kutwa. Ukimwuliza fundi, atakwambia gari ni la mwaka 1996.

Wa tatu ni watu wa vitendo: kinachosumbua kitoe, au kichomelee. Hapa lazima tuwatenganishe ndugu wawili wanaochanganywa: shafti za balansa na puli yenye mpira. Mitsubishi walianza katika miaka ya 1970 kuweka ndani ya baadhi ya injini zao za silinda nne shafti mbili za balansa, zinazozunguka kwa kasi mara mbili ya krenki, moja ikielekea kinyume cha nyingine, ili kumpunguzia dereva mtetemo. Zilifanya kazi vizuri kiasi kwamba Porsche waliilipia teknolojia hiyo kwa ajili ya 944. Kwa Pajero zetu za dizeli za 4D56 balansa hizo zinaendeshwa na mkanda mdogo ulio nyuma ya mkanda wa taimingi, na mkanda mdogo ukikatika huwa haufi peke yake: unajisokotea ndani ya mkubwa, taimingi inaruka, pistoni na valvu zinakutana. Kwa hiyo mafundi wengi wanazitoa kabisa, na kusema kweli krenki haifi kwa kukosa balansa hizo. Anayeteseka ni dereva na kioo chake cha pembeni. Lakini hata hapa kuna mtego. Shafti zile zinalishwa oili kupitia matundu kwenye beringi zake. Ukizitoa bila kuyaziba matundu, presha ya oili inashuka, beringi za krenki zinakaukiwa, na injini inanoki huku kila mtu akisema Mitsubishi siku hizi si zile. Wapo pia wanaoziacha, wakazifunga kinyume. Kwenye injini za 4G63 kiwanda kimeacha tundu ubavuni mwa bloku: unachomeka bisibisi ya unene wa milimita 8, ikizama milimita 60 shafti imekaa sawa, ikigota kwenye 20 au 25 umekosea mzunguko mzima. Jaribio lenyewe ni la kuchomeka bisibisi, kazi ambayo katika gereji zetu haikosi wataalamu, na bado linarukwa. Injini inarudi ikitikisika kuliko ilivyokwenda, kisha maunti za injini ndizo zinazonunuliwa.

Puli yenye mpira ni ndugu mwingine. Hiyo haikuwekwa kwa starehe za dereva, imewekwa kwa ajili ya uhai wa krenki. Kuna injini ndogo zilizotoka kiwandani na puli ya chuma kitupu, ni kweli, na wenye kupenda kuchomelea hunitolea mfano huo kila mara. Krenki zile fupi zilipigiwa hesabu ziishi bila mpira. Ya kwako ilipigiwa hesabu iishi nao. Ukiichomelea pete kwenye kitovu, kelele inakoma siku hiyohiyo, na hilo ndilo linalowashinda watu wenye hoja kama mimi, kwa sababu mwenye gari amelipia kelele ikome na imekoma. Mtikisiko uliokuwa ukifia kwenye mpira sasa unarudi ndani, kwenye kabari, kwenye magurudumu ya pampu ya oili, kwenye kona za krenki, na utatoa majibu yake safarini, si gereji. Wale vijana wanaofunga puli nyepesi za alumini za rangi ya zambarau wamefanya jambo lilelile kwa bei kubwa zaidi. Kuhusu pua yenyewe, kuichomelea ikiwa kwenye gari kunaipotosha kwa joto, na wenye MX-5 wastahamilivu wameonyesha njia yenye akili kuliko hiyo: kabari mpya, pua isafishwe mpaka chuma kitupu, ipakwe ile gundi ngumu ya Loctite ya kujaza nafasi kati ya vyuma, bolti mpya, ikazwe kwa kipimo, iachwe ikauke kabla ya kuwashwa. Inafaa pale mchongo ulipotafunika kidogo. Ulipotafunika sana, gundi ni dua tu.

Sasa kwa nini haya yote hayafanyiki, wakati spana ya toki si kitu cha ajabu na mafundi wetu si wajinga? Mtu anayeweza kuishusha injini kwa mnyororo chini ya mwembe na kuirudisha kabla ya magharibi hawezi kushindwa kusoma namba kwenye spana. Jibu langu ni kwamba hakuna anayemlipa kufikiri. Mteja wetu hulipia kitu anachoweza kukishika mkononi. Mpe puli mpya kwenye boksi, atatoa hela huku akinung’unika. Mwambie umekaa saa mbili ukipima, ukagundua puli ni nzima na bolti ilihitaji kukazwa, atakuuliza, “Kwa hiyo hujafanya kitu?” Fundi mwenye watoto shule anaelewa haraka kwamba ukweli hauna bei na puli ina bei, tena dukani kwa rafiki yake kuna kamisheni. Watu wanaosema fundi ndiye mwizi wanasahau kwamba soko hilo wamelijenga wao, kwa kukataa kulipia dakika tano za mrija wa plastiki na kukubali kulipia pampu ya petroli isiyo na kosa. Kama kuna anayetaka kuanzia mahali rahisi, aazime rangi ya kucha ya nyumbani, apige mstari mmoja mnyoofu unaovuka kitovu, mpira na pete, mwingine unaovuka kichwa cha bolti na kitovu, kisha aendeshe wiki moja. Mstari wa kwanza ukivunjika, mpira umekwisha. Wa pili ukivunjika, bolti inalegea. Yote miwili ikibaki mizima na kelele ipo, iacheni puli ipumzike, mwende mkatafute kwingine.

Linabaki suluhisho la wenye haraka, la kununua injini ya mtumba nzima. Si wazo baya pale pua ya krenki imeliwa kabisa, kwani gharama ya krenki, kuchongwa, beringi na ufundi hukaribia bei ya injini iliyotolewa kwenye gari lililokatwa Japani. Inakuja na krenki yenye pua safi, mchongo wenye kingo kali, na puli yake ya kiwandani iliyokaa nayo tangu kuzaliwa, imeshika kutu kidogo usoni lakini mpira bado una uhai. Inashushwa chini ya mwembe, watu wanaisifia, maunti zinalingana, waya zinalingana. Kisha fundi anaitazama puli yake yenye kutu, anaitazama ile inayong’aa uliyonunua mwezi uliopita, ambayo mchongo wake umeshapanuka nusu milimita ndani ambako hapaonekani, na kwa nia njema kabisa anaanza kuifungua ya kiwandani. “Hii yako bado mpya, bosi,” anasema, “tutaitupaje?”